Utumbo Hauharakishwi

Mkiniuliza nilifanya kazi gani miaka yangu yote ya lopitali, nitawajibu: nilipasha maji. Chekeni, chekeni tu. Wajukuu zangu nao hucheka. Wenzangu wa rika langu wakikutana husimulia walivyopokea watoto mapacha na walivyoshona majeraha ya watu wa machimboni. Zamu yangu ikifika nasema nilipasha maji, na nasema kichwa kikiwa juu. Kuna watu wanatembea leo katika mji huu wa Lubumbashi, wanakula bukari, ugali wetu, mpaka wanashiba, kwa sababu maji yangu yalikuwa na joto saa yalipotakiwa. Sioni haya kujisifu. Ukinyamaza juu ya kazi yako njema, wavivu watasema kwa niaba yako.

Nawaandikia ninyi mnaotoka shule ya uuguzi sasa, mnaoingia chumba cha upasuaji na viatu vyeupe visivyo na doa. Na msishangae Kiswahili changu. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa watu wa Maniema, na nyumbani ukisema "muntu" badala ya "mtu" unalala na sikio la moto. Sokoni nasema kama kila mtu wa hapa. Kwenye karatasi baba bado ananisimamia.

Kazi yangu ilikuwa kusimama ng'ambo ya meza, uso kwa uso na daktari, nikimkabidhi vyombo. Aliyenifundisha ni Papa Ngoie, mzee mfupi, mwuguzi wa zamani, mwenye vidole vinene ambavyo havikulingana kabisa na wepesi wake. Ukimpa daktari chombo kisicho sawa, Papa Ngoie anakugonga vidole kwa mkasi uliofungwa, kisha anakuuliza hali ya nyumbani kama vile hakuna kilichotokea. Nilimchukia mwaka mzima. Baadaye nilimlilia kuliko nilivyomlilia mjomba wangu.

Yeye ndiye aliyenifundisha utumbo. Sikilizeni hapa, maana hapa si majivuno, ni kazi.

Utumbo unakula damu kama kiungo kingine chochote. Ukinyongwa, labda na ngiri iliyotoka ikakataa kurudi, labda umejizungusha wenyewe, damu haipiti. Sasa watu hutazama nje: rangi imebadilika, haijabadilika? Lakini kinachoanza kufa kiko ndani. Kuna ngozi laini sana iliyoutandika utumbo kwa ndani, nayo ndiyo mlinzi wa mlango. Chakula inakiruhusu kupita kwenda kwenye damu, uchafu inauzuia. Damu ikikatika, mlinzi huyo ndiye anayeanguka wa kwanza. Kwa nje utumbo unaweza kuwa bado una sura ya kusalimiana na watu, na ndani mlango uko wazi.

Na hatari haiishi pale unapoufungua. Wengi hudhani damu ikirudi basi, alhamdulillahi, tumemaliza. Hapana! Damu ikirudi ndipo inapobeba ule uchafu na sumu iliyolala mle na kuitembeza mwili mzima. Nimeona presha ya mgonjwa ikianguka wakati daktari anatabasamu. Ndiyo maana dripu iingie kwanza, dawa za kuua vijidudu ziingie kwanza, hewa safi iingie kwanza, halafu ndipo mkono uguse fundo.

"Zaina," Papa Ngoie aliniambia, "butumbo haiko nguo ya kufula. Usikamue, usivute, usiache ikauke. Weka maji ya moto, halafu unyamaze."

Ndivyo tulivyofanya. Utumbo ukishafunguliwa unafunikwa na vitambaa safi vilivyoloweshwa maji ya chumvi yenye joto, na watu wanasubiri. Hakuna kazi ngumu kama hiyo ya kusubiri, mgonjwa yuko wazi mbele yako. Daktari husubiri kwa saa ya ukutani. Papa Ngoie, Mkatoliki wa kweli, alisubiri kwa rozari, midomo ikicheza chini ya kitambaa cha uso. Mimi nikajiwekea Yasini. Nilikuwa naisoma moyoni, polepole, bila kuruka. Nikimaliza, Papa Ngoie anamaliza rozari yake, daktari anainua macho kutoka kwenye saa, na sote tunafunua pamoja. Hatujawahi kugombana nani kafika mbele.

Joto lenyewe lina adabu yake. Maji yawe kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Yakizidi, unapika. Yakipungua, unaua: mishipa inajikunja na damu uliyoibembeleza irudi inakataa. Siku moja umeme ulikatika, mashine yetu ya kupashia ikazimika, na mtumishi mmoja kwa haraka akaleta chupa za maji ya chumvi moja kwa moja kutoka ghalani. Ilikuwa mwezi wa sita, ule wa baridi yetu ya Katanga. Nilikuwa nimeshika kitambaa mimi mwenyewe, nikauona utumbo uliokuwa umeanza kupendeza unafifia palepale. Mgonjwa alipona, lakini Papa Ngoie hakula siku hiyo.

Nikarudi nyumbani nimefura. Mume wangu, Amisi, alikuwa seremala. Nikampigia kelele kuhusu umeme, kuhusu lopitali, kuhusu mtumishi, kuhusu baridi, mpaka akaacha kula. Akaniuliza swali moja tu: "Hizo chupa ziko ya urefu gani?"

Wiki ile akanitengenezea kisanduku. Cha mbao za mninga, kuta mbili, katikati kajaza maranda ya mbao, ndani kakitandika blanketi zito alilokuwa akilipenda, mfuniko unakaza kabisa. Asubuhi tunachemsha maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, uani mwa lopitali, tunazipasha chupa ndani yake, tunazifuta, tunazilaza kwenye kisanduku. Umeme uje, umeme uende, mchana ukifungua mfuniko joto linakugusa kidevu. Wanafunzi walikiita "mutoto ya Mama Zaina". Daktari mmoja mgeni alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili alikuja mwenyewe kuuliza kama mtoto ameshaamka.

Sasa niwaambie habari ya Mwape, wakati Papa Ngoie ameshatutoka.

Mwape alikuwa binti wa Kasenga, kule mtoni Luapula, aliyeolewa hapa mjini, mtaa wa Hewa Bora. Alikuwa anakwenda kwao kununua samaki wakavu na kurudi kuwauza mjini. Mtoto wake wa pili alizaliwa kwa kupasuliwa, na kovu la ndani likamwachia kamba ndogo ya nyama. Wengi wanazo bila kujua, na haziwadhuru. Siku hiyo utumbo wa Mwape ulipenya chini ya kamba ile, ukajizungusha, ukakwama.

Wakati tumbo linaanza kumkaba alikuwa nyumbani kwa mama mkwe wake, Mama Feza. Nanyi mnajua nyumba zetu. Nyuma ya mlango wa chumba, kwenye msumari, poire imening'inia, lile puto la mpira la kusafishia tumbo kwa nyuma. Homa? Poire. Mtoto amenuna? Poire. Mama yangu mzazi alinipiga poire mpaka nilipoolewa, kwa hiyo sicheki mtu. Mama Feza alitwanga majani yake, akatia pilipili kidogo, akampiga Mwape poire. Maumivu yakazidi. Akaongeza ya pili. Tumbo likavimba kama ngoma, basi akachukua kitenge akamfunga kiuno kwa nguvu zote, tumbo lisije likapasuka. Alifanya hayo yote kwa mapenzi. Na kila alipofanya, Mwape alizidi kuchelewa.

Walifika kwetu asubuhi ya pili, mvua inanyesha. Mwape hakuwa analia tena, na hilo lilinitisha kuliko kilio. Nilijaribu kufungua fundo la kitenge, nikashindwa, nikachukua mkasi.

"Usiikate!" Mama Feza akaruka. "Ile ni kitenge ya ndoa!"

"Mama," nikamwambia, "unataka kitenge ao unataka mutoto?"

Akafumba macho. "Kata."

Nikamuuliza lile swali tunalouliza wote: tangu tumbo lianze, Mwape amejamba? Alinitazama kana kwamba nimemtukana mbele ya wakwe zake. "Mama, mukwe yangu eko nakufa, na weye unaniulizia bushuzi?" Nikamwambia ndiyo, nauliza hilohilo. Akafikiri, akasema polepole, "Hapana. Hata kamoja."

Daktari wetu alikuwa Docta Numbi, bado kijana, mikono mizuri, maneno machache. Alipofungua, sote tuliinama kutazama. Karibu utumbo mwembamba wote ulikuwa na rangi ya biringani. Kipande kimoja, pale kamba ilipokaba, kilikuwa cheusi kabisa na kinanuka.

Nataka muelewe alichokuwa nacho mkononi. Akikata wote uliobadilika rangi, Mwape ataamka, atazungumza na watoto wake, halafu atakonda mbele ya sahani iliyojaa mpaka afe, kwa maana hatabaki na utumbo wa kutosha kuchukua chakula, na hapa kwetu hakuna wa kumlisha kwa mshipa nyumbani Hewa Bora. Asipokata, na kumbe umekufa, utaoza ndani naye atakufa upesi zaidi. Kila njia ilikuwa na kaburi mwishoni, isipokuwa utumbo wenyewe useme: niko hai.

Kile cheusi hakikuwa na swali tena. Alikibana pande zote mbili kwanza, sumu yake isitoke. Kisha mkono ukasimama juu ya kamba.

"Odile, uko tayari?"

Odile ndiye aliyekuwa anashughulika na usingizi na pumzi, mwanamke mkali, mchana kutwa anatafuna karafuu. "Ngoja kidogo," akasema. "Serum ya dripu ipite kwanza. Dawa zilishaingia. Bon, sasa kata."

Akakata kamba. Akauzungusha utumbo polepole kurudi ulikotoka. Na kama nilivyowaambia, presha ikaanguka. Odile hakupandisha sauti. Alikuwa anaingojea, akaipokea, akaipandisha, huku akinung'unika na karafuu yake mdomoni. Kama angekutwa mikono mitupu, hadithi yangu ingeishia hapo.

Hapo ndipo umeme ukaenda. Jenereta ikawaka, lakini jenereta yetu ilibeba taa na mashine ya Odile tu. Mashine ya kupashia ikazima kwa mlio wake ule wa kukata tamaa.

Docta Numbi hakugeuza kichwa. "Mama Zaina, maji iko?"

"Iko."

"Iko moto?"

"Iko moto, Docta."

Wanangu, sijapewa medali, na sijaidai. Lakini kama kuna siku nilijiona mrefu kuliko mnara wa kiwanda cha shaba, ni siku ile nilipojibu neno lile na lilikuwa kweli. Mtumishi akafungua kisanduku, akamimina. Nikapima kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, juu ya glavu. Maji ya mtoto mchanga. Nikalowesha vitambaa, tukaufunika utumbo wa Mwape, na Docta Numbi akasema, "Tungoje."

Nikaanza Yasini. Nje Mama Feza alikuwa anaimba nyimbo za kanisa lake na kuzikatiza kwa kulia. Nilimaliza, tukafunua. Biringani ileile. Mwanafunzi mmoja wa udaktari akakohoa, nadhani alitaka kusema tukate. Docta Numbi akatazama mahali pasipo na mtu, akasema, "Vitambaa vingine." Nikaona jasho linamtiririka shingoni. Niliogopa. Nawaambia waziwazi, niliogopa, maana kila dakika ya kungoja tuliichukua kwa Mwape bila idhini yake.

Nikaanza Yasini tena. Safari hii nilisoma polepole zaidi. Tukafunua.

Pembeni, kwenye ukingo wa utando unaobeba mishipa, palikuwa na wekundu. Docta akaweka kidole. "Inapiga," akasema. Wekundu ukatambaa, ukapita kwenye kipande kimoja, ukaingia cha pili, ukang'aa. Halafu utumbo wenyewe, bila kuguswa na mtu, ukajikunja na kujinyoosha mara moja, kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa kwenda shule. Odile akaacha kutafuna. Mimi nilikuwa nalia na siwezi kujifuta, maana mikono iliyosafishwa kwa upasuaji haigusi uso.

Docta Numbi alikata kile kipande cheusi tu, kifupi, akaunganisha. Mwingine wote aliurudisha ndani.

Kazi ikahamia wodini, na huko mimi ndiye niliyefundishwa. Enzi za Papa Ngoie, mgonjwa wa utumbo alifungishwa kabisa, hata tone la maji hapati, mpaka ajambe. Docta Numbi akaniambia siku ya pili tu Mwape aanze vijiko vya uji mwepesi. Nikamjia juu. Akavuta kiti, akanieleza kwa heshima: ile ngozi ya ndani, yule mlinzi, inajilisha sehemu kubwa kutokana na chakula kinachopita juu yake. Ukiinyima kila kitu, inazidi kuwa nyembamba na mlango unabaki wazi. Kidogo kidogo inajijenga. Nikamwambia, "Docta, mimi ni mtu wa Ramadhani, kufunga nakujua." Akacheka. "Na jioni unafuturu na nini, Mama Zaina?" Nikamjibu, na uji. Basi nikaenda kuagiza uji.

Aliyeshika kijiko alikuwa Mama Feza. Alikuja na sufuria la bukari na samaki, nikamzuia mlangoni kwa mwili wangu wote. Alipoelewa, alichukua kijiko cha kahawa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na hakuna mtu aliyemtoa hapo. Kijiko kimoja, anangoja, anatazama tumbo, kingine. Mkono ulioshika poire ndio ulioshika kijiko, na niwaambie, sijaona mwuguzi mpole kuliko yule. Mwape alipata homa, ikatushika roho, ikashuka. Tumbo lilikuwa bado kimya.

Mchana mmoja nilikuwa nakunja vitambaa nikasikia vigelegele wodini. Nikakimbia, nikidhani kuna aliyezaa. Mama Feza alikuwa amesimama katikati ya vitanda, mikono juu, kijiko bado mkononi.

"Alijamba! Bantu yote musikie! Mutoto yangu alijamba!"

Mwape alikuwa amejifunika shuka usoni kwa aibu, na shuka linatetemeka kwa kicheko. Wodi nzima ikapiga makofi. Docta Numbi alifika mbio, akasikia habari, akampa Mama Feza mkono rasmi kabisa kama anampongeza waziri.

Leo mna mashine mpya za kupasha maji, na zina betri. Vizuri, zitumieni, mimi si mtu wa kulilia ya kale. Ila siku zote jiulizeni itakuwaje zikizima, na jibu liwe tayari kabla ya kisu. Na huko mitaani, msiibeze poire, hawatawasikiliza. Fundisheni swali. Mama Feza bado ameitundika yake pale msumarini, lakini sasa anayekwenda kwake Hewa Bora na tumbo lake huulizwa kwanza kama amejamba. Akisema hapana, na tumbo limevimba, na anatapika, Mama Feza hagusi msumari. Anamshika mkono na kumpeleka lopitali mwenyewe.

Nilipostaafu walinipa kisanduku. Amisi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, nikakibeba kana kwamba nambeba yeye. Kipo sebuleni. Msikunje pua, humo ziliingia chupa tu, na blanketi nimelifua. Nikisonga bukari asubuhi ninafunga kwenye kitambaa, naweka humo, adhuhuri inafuka moshi.

Mwezi uliopita Mwape alinitembelea na samaki wa Kasenga, amenenepa, anaringa. Nikaandaa sahani, nikafungua mfuniko, nikatoa bukari. Akamega, akachovya, akatafuna, nami nimekaa mbele yake namhesabia matonge bila haya.

"Mama Zaina," akasema, mdomo umejaa, "bukari yenu iko moto vile tangu asubuhi? Hii kisanduku mulitoa wapi?"

Nikaupapasa mfuniko, pale Amisi alipolainisha pembe isije ikanikwaruza.

"Kula kwanza," nikamwambia.

Akala. Halafu akasukuma sahani mbele yangu, akaomba nyingine.